Pikapu iliyoinuliwa pua na gharama ya kuivalisha matairi makubwa

PIKAPU nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, zikiwamo Ford F-150, Chevrolet Silverado na Ram 1500, hutoka kiwandani zikiwa zimeinama kidogo mbele na kuinuka nyuma. Mwinamo huo haukutokea kwa bahati mbaya. Mhandisi huuacha makusudi, kwa sababu anajua kwamba siku gari litakapobeba saruji, mbao au kuvuta tela, sehemu ya nyuma itashuka na gari zima litakaa sawa barabarani.

Hata hivyo, wamiliki wengi hawaupendi mwonekano huo. Ndiyo maana biashara ya vifaa vya kuinulia pua imestawi sana nchini Marekani, na mtindo wenyewe umekwishafika katika gereji za Dar es Salaam na Nairobi, ambako Toyota Hilux na Ford Ranger hufanyiwa kazi hiyo hiyo. Pete nzito ya chuma au ya plastiki ngumu huwekwa juu ya shokomzoba za mbele, na pua hupanda kwa kiasi cha inchi 2. Kwa kuwa shokomzoba hushika mkono wa gurudumu karibu na katikati na si kwenye ncha yake, pete yenye unene wa inchi 1 huweza kuinua gari kwa karibu mara mbili ya unene huo. Mnunuzi asiyelijua hilo hudhani amepunjwa, akadai pete nene zaidi.

Baada ya pua kuinuliwa, nafasi iliyoonekana juu ya tairi huleta kishawishi cha pili, nacho ni matairi makubwa. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Chukua tairi la 265/70R17, mojawapo ya saizi ambazo F-150 imetoka nazo kiwandani kwa miaka mingi. Namba 265 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya upana huo inayofanya urefu wa ubavu wa tairi, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukizijumlisha ipasavyo, tairi zima lina kimo cha milimita 803, yaani inchi 31.6. Tairi la 285/70R17, ambalo mafundi huliita la inchi 33, lina milimita 831. La inchi 35 lina milimita 889.

Kati ya hayo mawili ipo tofauti kubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Tairi la inchi 33 huongeza kimo kwa asilimia 3.5 tu, na kwa pikapu nyingi kubwa zilizoinuliwa inchi 2 huingia bila ugomvi mkubwa. La inchi 35 huongeza asilimia 10.7, na karibu kila mfumo wa gari huguswa.

Spidomita ndiyo ya kwanza kudanganya. Inaposoma kilomita 50 kwa saa, gari lenye matairi ya inchi 35 linakwenda zaidi ya 55. Dereva anayepita katika makazi ya watu akiamini ametii kibao cha 50 atasimamishwa na askari mwenye tochi, na ubishi wake hautamsaidia. Kadhalika, kilomita 400 zilizoandikwa kwenye dashibodi ni 443 za kweli, kwa hiyo mwenye gari hulalamika kwamba linakunywa mafuta kuliko linavyokunywa kwa hakika, huku muda wa kubadili oili ukipita bila yeye kujua. Katika magari ya kisasa kosa hili hurekebishwa kwa kuingiza saizi mpya katika kompyuta ya gari, kazi ambayo wengi huiacha baada ya kulipia matairi.

Nguvu nayo hupungua. Difu yenye uwiano wa 3.73 huanza kufanya kazi kana kwamba ina 3.37, na gari huhisi uzito mlimani. Kuirudisha hali ya awali kunahitaji gia za difu zenye uwiano wa takriban 4.10, mbele na nyuma kwa gari linalovutwa na magurudumu yote manne. Bei ya kazi hiyo haitajwi dukani matairi yanapouzwa.

Jambo zito zaidi ni breki. Diski na pedi zimebaki zile zile, lakini sasa zinashika gurudumu refu na zito zaidi. Dereva akikanyaga pedali kwa nguvu ile ile ya zamani, nguvu ya kuzuia pale tairi linapogusa lami hupungua kwa karibu asilimia 10. Ongeza mzigo nyuma, na umbali wa kusimama si ule aliouzoea.

Mzigo ndio unaofichua udhaifu wa kuinua pua kwenyewe. Gari lililosawazishwa likiwa tupu huinama nyuma likipakiwa. Kwa pikapu yenye mita 3.68 kati ya ekseli zake mbili, pua ikikaa juu ya mkia kwa inchi 2 mwanga wa taa hupanda kwa sentimita 34 hivi ukifika mita 25 mbele, usawa wa kumtia upofu dereva anayekuja. Taa zina skrubu za kurekebishia, lakini si kila fundi huzikumbuka. Huko Marekani suala la pua kuwa juu ya mkia limekwishaingia katika sheria: jimbo la North Carolina, kuanzia Desemba 2021, lilipiga marufuku magari ambayo ukingo wa juu wa gurudumu la mbele umezidi ule wa nyuma kwa inchi 4 au zaidi, na South Carolina ikafuata mwaka 2023. Sheria hizo zililenga vijana waliokuwa wakiinua mbele na kushusha nyuma kwa fahari, si wanaosawazisha kwa inchi 2. Lakini mzigo mzito waweza kulisogeza gari la kawaida kuelekea huko huko.

Wapo wanaojiuliza kwa nini tairi linakwaruza ilhali gari limeinuliwa. Jibu ni kwamba pete huinua bodi gari linapokuwa limesimama. Gurudumu likiingia shimoni na kubanwa hadi mwisho wake, mara nyingi hufika pale pale lilipokuwa likifika zamani, sasa likiwa na milimita 43 za ziada. Rimu zinazolitoa gurudumu nje huzidisha tatizo, kwani usukani ukikatwa tairi hufagia duara kubwa zaidi na kukutana na bampa au madigadi. Aidha, ekseli za mbele na bolijointi hufanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa, na alaimenti isiporekebishwa siku ile ile, matairi mapya huliwa upande mmoja.

Ford yenyewe ilipotoa F-150 Raptor ya mwaka 2010 yenye matairi yanayokaribia inchi 35, haikutia pete. Iliipa mikono mipya ya mbele, shokomzoba nyingine na bodi pana zaidi.

Anayeamua kuendelea ana mambo mawili ya kuhakikisha dukani. La kwanza ni uwezo wa kubeba: matairi mazito ya kazi huhitaji upepo mwingi zaidi kuliko ya awali ili kubeba uzito ule ule, hivyo namba iliyobandikwa mlangoni haitoshi tena. La pili ni tairi la akiba. La inchi 35 huenda lisiingie chini ya bodi, na kufunga la zamani kwenye gari la magurudumu manne, kisha kuendesha lami kwa mfumo huo ukiwa umefungwa, huweza kuiharibu giaboksi ya kugawia nguvu.