Kabla ya kununua gari ya mazutu, gusa moteri kwanza



Huku Kalehe kila kooperative inafika siku moja ku ulizo hili: tuendelee kukodisha gari, ao tununue yetu? Kahawa iliyovunwa asubuhi inapashwa kumenywa siku ileile. Ikilala mu mufuko, inaanza kuchacha na bei inashuka. Tomate nazo hazingoje. Basi wanamemba wanachanga franga musimu kwa musimu, halafu wanatuma watu wawili Bukavu ao Goma kutafuta gari ya okazio.

Pale njo hatari iko. Rangi inaweza kupakwa upya, kilometraji inaweza kurudishwa nyuma, na mwenye kuuza atasema tu: « Moteri iko muzuri, hapana shida. » Moteri yenyewe njo munapashwa kuuliza. Inajibu, kama munajua kusikiliza.

Mufike wakati moteri iko baridi

Muombe kuona gari asubuhi mapema, na museme isiwashwe mbele yenu kufika. Weka mukono ku moteri. Ikiwa iko moto, rudi siku ingine. Sababu ni hii: moteri ya mazutu haina bujii ya kutoa cheche. Inakandamiza hewa sana mpaka hewa ile inakuwa moto wa kuwasha mazutu. Moteri iliyochoka haikandamize tena muzuri, na asubuhi ya baridi njo inazungushwa muda murefu bila kuwaka. Ikiisha kupata moto, ugonjwa unajificha.

Ungoja taa ya kupasha moto izimike, kisha washa. Kama inakataa, inawezekana ni batri ao bujii za kupasha moto tu, vitu vya bei ndogo. Lakini mekanisie ahakikishe hilo mbele ya kulipa.

Moshi unasema nini?

- *Mweusi sana na hauishe:* mazutu ni mingi kuliko hewa. Pengine filtri ya hewa imejaa vumbi, pengine enjektere zimechoka. Kumbukeni kwamba Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na moshi kidogo mweusi ku mulima si ajabu.
- *Wa bluu:* moteri inakula mafuta yake. Segma ao turbo zimechoka. Kutengeneza ni bei kali.
- *Mweupe:* kidogo asubuhi si kitu. Ukiendelea wakati moteri iko moto, na maji ya radiatere inapunguka, maji inaingia ndani ya moteri. Muachane na gari ile.

Mafuta na maji

Chomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta nyeusi isikutishe. Ku mazutu ni kawaida. Yenye kutisha ni ile yenye kufanana na kahawa ya maziwa: maji imeingia ndani. Na kama mafuta imepita alama ya juu na inanuka mazutu, pompi ao enjektere inavuja.

Fungua radiatere wakati iko baridi tu. Ikiwa moto, muvuke utakuchoma. Ukiona mafuta inaelea juu ya maji, ao mapovu haiishe wakati moteri inazunguka, jwenti ya kulasi imeungua ao kulasi imepasuka.

Kifuniko cha mafuta

Moteri ikizunguka polepole, legeza kifuniko cha kutilia mafuta. Pumzi kidogo ni kawaida. Lakini moshi ukisukuma kwa nguvu, kifuniko kikiruka-ruka, gazi inapita pembeni ya pistoni. Moteri ile inaomba kufunguliwa yote.

Mupande mulima na muzigo

Kuzunguka parkingi hakuonyeshe kitu. Mutie mifuko ndani, mupande mulima murefu, muangalie sindano ya joto. Mukirudi, mupime tena maji na mafuta, na mutazame chini kama kuna kitu kinadondoka.

Moteri gani?

Moteri za zamani za Toyota kama 3L na 5L zina pompi ya kawaida. Mekanisie wengi wanazijua. Lakini zina mukanda wa ndani wenye kubadilishwa. Ukikatika njiani, unaweza kuharibu moteri. Kama hakuna mwenye kujua ulibadilishwa lini, muhesabu mukanda mupya ndani ya bei. Moteri mupya za elektroniki zina nguvu na zinakula kidogo, lakini maji ao uchafu wa mazutu ya bidoni ya ba-Kadhafi unaua enjektere zao haraka, na kupima ugonjwa wao kunaomba mashini ya ordinatere.

Mbele ya kutoa franga

Muende na mekanisie wenu, si wa mwenye kuuza, na mumulipe siku yake hata mukiacha gari. Numero ya shasi na ya moteri zilingane na karte roze. Mabaya yote muyaandike, mukadirie bei ya kuyatengeneza, na muyasome mbele ya wanamemba wote kabla ya kuamua.

Watu waliotumwa wasione haya kurudi mikono mitupu. Franga ile ni jasho la wote, na gari ingine itapatikana.