Kibo haijali kama wewe ni winga

KILA ikichezwa mechi Uwanja wa Ushirika pale Moshi, hakosekani jamaa jukwaani anayeutazama Kibo ukifunguka mawingu na kusema, "Huo mimi naumaliza siku mbili." Kisa? Anacheza ndondo kila Jumapili na anamaliza dakika 90 bila kubanwa na misuli.

Huyo aulize kwanza kilichowapata wenye mpira wao.

Juni 24, 2017 wanawake kutoka nchi zaidi ya 20 walicheza mechi kamili, 11 kwa 11, ndani ya kreta ya Kilimanjaro, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa rekodi ya dunia. Hao si watu wa kubahatisha. Alikuwemo Lori Lindsey aliyeichezea Marekani na Rachel Unitt wa England. Lakini kabla ya filimbi ya kwanza ilibidi watembee siku kadhaa, walale kwenye mahema na wale bila hamu ya kula. Kwa wengi wao mlima wa aina hiyo ulikuwa mgeni kabisa.

Mshabiki wa soka anaielewa hii habari akiitazama La Paz. Uwanja wa Hernando Siles uko kama mita 3,600, na Aprili 1, 2009 Argentina ya kocha Diego Maradona, Messi akiwa uwanjani, ilipigwa pale 6-1 na Bolivia. Miaka miwili kabla, FIFA ilikuwa imepiga marufuku mechi za kimataifa kwenye viwanja vilivyo juu sana, Amerika Kusini ikawaka, na 2008 marufuku ikasitishwa.

Sasa njoo Kibosho. Ukiingilia geti la Umbwe, unaacha migomba na kahawa nyuma yako, unaingia msituni, na mteremko unakuwa mkali kiasi kwamba kuna sehemu unapanda kwa kushika mizizi. Usiku wa kwanza unalala karibu mita 2,900. Wa pili uko kambi ya Barranco, zaidi ya mita 3,900. Yaani siku mbili tu, tayari umeupita uwanja uliomzima Messi, na kilele bado kiko karibu mita 2,000 juu ya kichwa chako. Ndiyo maana Umbwe, pamoja na ufupi wake, si njia ya kumpa mtu wa mara ya kwanza. Mwili haupewi muda. Njia ndefu za siku saba au nane ndizo zinazofikisha watu wengi zaidi.

Na hapo ndipo mwanasoka anapoumia. Mwenye mapafu makubwa anataka kuongoza msafara, anapiga hatua kama anakimbilia krosi. Jioni kichwa kinagonga, kichefuchefu, usingizi hakuna. Mazoezi hayazuii ugonjwa wa mlima. Kinachosaidia ni kwenda pole pole, kunywa maji mengi, kupanda juu mchana na kulala chini kidogo usiku, na kukubali kurudi dalili zikizidi. Kwenye kreta pumzi moja inakupa karibu nusu ya oksijeni unayoipata Dar. Sprinti moja ya kurudi kukaba, umekwisha.

Halafu kuna timu ya pili ambayo haikuvaa jezi: wagumu, kama Moshi inavyowaita wapagazi. Mzigo wa mgumu unapimwa getini na kikomo ni kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe. Hakuna gari linalofika kreta, kwa hiyo mahema, vyakula na vifaa vya mechi, vyote vilipanda kwa miguu ya watu. Vijana wa Kibosho, Machame na Marangu wanaishi kwa kazi hii, na wanampita mgeni njiani wakiwa na mzigo kichwani.

Kwa nini wanawake hao wateseke hivyo? Muulize Petra Landers. Mwaka 1989 alikuwa kwenye kikosi cha Ujerumani Magharibi kilichotwaa ubingwa wa Ulaya, na zawadi yao ilikuwa seti ya vyombo vya kahawa. Vikombe na sahani! Miaka 28 baadaye, akiwa na miaka 55, alipanda Kilimanjaro kudai wanawake wapewe uwanja sawa, malipo sawa na heshima sawa.

Mechi iliisha 0-0. Kuna watakaosema suluhu haina utamu, lakini wachezaji hao walibaki uwanjani dakika zote 90 mahali ambapo wapandaji wengi wanahesabu hatua kumi na kupumzika. Filimbi ya mwisho ilipolia hapakuwa na basi la timu likisubiri nje. Vifaa vilifungwa, vikarudi mabegani, safari ya kushuka ikaanza.