Istilahi za Leseni za Programu katika Seva Pepe

Neno leseni si geni katika Kiswahili. Twalitumia kwa dereva, kwa mwenye duka na kwa mvuvi, na mara zote maana yake ni idhini anayopewa mtu kufanya jambo fulani. Katika ununuzi wa programu za kompyuta, neno hilo limebebeshwa maana ya ziada: leseni imekuwa kitu kinachohesabiwa. Mfasiri wa hati za zabuni asipotambua kinachohesabiwa ni nini, ofisi yaweza kununua leseni pungufu na kuvunja mkataba, au kununua nyingi mno na kupoteza fedha za umma. Kwa hiyo yafaa istilahi za hesabu hiyo zifafanuliwe.

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Kwa kutumia programu maalumu, seva moja yaweza kugawanywa ifanye kazi kama seva kadhaa, kila moja ikiwa na mfumo endeshi wake. Hizo ndizo seva pepe: hazishikiki kwa mkono, lakini kazi yake ni ya kweli. Mtambo wenyewe unaozibeba twapendekeza uitwe seva mwenyeji, kwa kuwa huzipokea seva pepe kama mwenye nyumba apokeavyo wageni.

Prosesa ni sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo. Ndani yake mna sehemu ndogo zaidi, kila moja ikiweza kutekeleza maagizo peke yake. Hizi twaziita viini. Kulitohoa neno la kigeni kungetupatia koa, ambalo tayari ni jina la mnyama wa jamii ya konokono. Kiini ni neno letu wenyewe, na wanafunzi wa fizikia wamekwisha kulizoea katika kiini cha atomu.

Sasa tutazame mfano wa Windows Server. Katika matoleo ya 2012, leseni zilihesabiwa kwa prosesa, na leseni moja ilitosha prosesa mbili. Tangu toleo la 2016, kipimo cha kawaida ni viini vya seva mwenyeji. Kila prosesa huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 8, na kila seva visivyopungua 16, hata kama vilivyomo ni vichache zaidi. System Center, programu ya kuzisimamia seva, nayo ilianza kufuata kipimo cha viini katika toleo lake la 2016.

Tuchukue seva mwenyeji yenye prosesa mbili, kila moja ikiwa na viini 10. Jumla ni viini 20. Katika daraja liitwalo Standard, kuvilipia viini vyote 20 huleta haki ya kuendesha seva pepe mbili tu. Ofisi ikihitaji seva pepe 10, hapana budi viini hivyo vilipiwe mara tano, yaani leseni za viini 100. Katika daraja la Datacenter, leseni za viini 20 zatosha seva pepe zozote zitakazowekwa katika mtambo huo, ingawa bei ya kila leseni ni kubwa zaidi. Aidha, watumishi au vifaa vinavyoifikia Windows Server huhitaji leseni za aina nyingine, ambazo twaweza kuziita leseni za ufikiaji.

Kutokana na hayo, mtu akiandika "leseni 10 za seva" hajasema neno linaloeleweka. Je, ni seva mwenyeji 10, seva pepe 10, au viini 10? Muuzaji atachagua maana inayomfaa yeye. Inapasa hati itaje kipimo, idadi na daraja: "leseni za viini 20, daraja la Datacenter, kwa seva mwenyeji moja." Hati za zamani zinazotaja leseni za prosesa zisibadilishwe kuwa za viini wakati wa kufasiri, maana ni vipimo viwili tofauti na kila kimoja kina mkataba wake.

Walimu nao wanaombwa kuzifundisha istilahi hizi pamoja na hesabu zake, kwani maana ya kila istilahi huonekana wazi pale inapotumika katika hesabu.