Mimea hai katika tangi la samaki ni haki ya kiumbe tuliyemfungia

Katika nyumba nyingi siku hizi utakuta tangi la kioo lenye samaki wa mapambo. Watoto wameomba na wazazi wameridhia. Kufuga kiumbe ili mtoto aliwazike si jambo geni kwetu. Wanazuoni wameitolea hoja Hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), ambaye mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kindege cha kuchezea. Mtume (s.a.w.) alimtania mtoto huyo kwa habari za kindege chake, wala hakumkataza. Lakini ruhusa hiyo haitengani na habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, aliyemfungia hadi akafa, asimlishe wala asimwachie ajitafutie.

Samaki wa tangini naye amefungiwa, tena pamoja na uchafu wake. Kupitia mashavu yake hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mimea hai huinyonya amonia hiyo na nitrati ikawa chakula chake, na penye mwanga huongeza oksijeni majini. Vifaranga vya samaki hupata humo pa kujificha wasiliwe na wakubwa wao. Ua la plastiki, japo linapendeza, maji haliyasafishi.

Hayo yalikwisha kupimwa zamani. Mkemia wa London, Robert Warington, aliweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo kimoja na mmea uitwao Vallisneria. Majani yaliyooza yakachafua maji, naye akaongeza konokono wa majini, wakala uozo ule, maji yakatakata. Matokeo yake aliyaeleza mwaka 1850. Basi jani lililokufa likatwe mapema, kwani nalo hugeuka uchafu.

Kwa anayeanza, tunapendekeza Anubias, mmea wa Afrika Magharibi na ya Kati usiohitaji mwanga mkali. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au gogo. Shina lake linene linalotambaa lisifukiwe mchangani, litaoza. Taa ya saa nane kwa siku yatosha. Tangi likiwekwa dirishani penye jua kali, mwani utalifunika lote.

Tahadhari: usiku mimea nayo hutumia oksijeni, hivyo isiwe kisingizio cha kurundika samaki. Wala haiondoi wajibu wa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, na maji yale tusiyamwage ovyo, kwani yana rutuba nzuri kwa mchicha na maua ya uani. Ama wenye kufuga mbuna wa Ziwa Nyasa, wasijisumbue sana na mimea. Samaki hao hukwangua mwani mawemani na majani laini huyatafuna. Wao wawekewe mawe.

Mimea ikizidi, isitupwe mtoni wala mtaroni. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, na kufikia mwaka 1990 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, ambako liliziba mialo na kuwatesa wavuvi. Ianikwe juani ikauke kabisa, kisha ifukiwe bustanini.