Nywila ya Pili ya Ruta

Watu wengi wakishawekewa intaneti nyumbani hubadilisha nywila ya Wi-Fi ili majirani wasiitumie bure, kisha huona kazi ya usalama imekwisha. Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Ruta ina nywila mbili. Ya kwanza ni ile anayoiomba kila mgeni akifika, nayo humruhusu kutumia mtandao tu. Ya pili hufungua ukurasa wa usimamizi, unaopatikana kwa kuandika kwenye kivinjari anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na mwenye nywila hiyo anaweza kubadilisha kila kitu, hata ile ya kwanza. Hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Katika ruta nyingi, hasa za zamani, imebaki vilevile ilivyotoka kiwandani: admin kwa jina, na admin tena kwa nywila. Nashikilia kwamba hii ndiyo ya kulindwa kwanza.

Ushahidi mzito ni wa mwaka 2016. Programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka mtandaoni ikitafuta kamera za ulinzi, ruta na mashine za kurekodi video. Haikuhitaji ufundi mkubwa. Ilibeba orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, jozi zisizofika 70, ikazijaribu moja baada ya nyingine kwa kila kifaa ilichokikuta. Orodha hiyo ilitosha kuteka mamia ya maelfu ya vifaa duniani, na tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti, hata Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watumiaji wengi kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hawakujua lolote. Ndiyo maana hoja ya “mimi sina cha kuibiwa” hainishawishi: waliovamia hawakutafuta picha wala barua za mtu, walitaka kifaa chenyewe kiwafanyie kazi.

Wapo watakaosema ukurasa wa usimamizi hufunguliwa na aliye ndani ya nyumba tu. Ingekuwa hivyo daima, hofu ingepungua sana. Lakini baadhi ya ruta huruhusu usimamizi wa mbali, yaani ukurasa uleule kufunguliwa kutoka popote kwenye intaneti. Na hata ukifungwa kwa nje, kila uliyempa nywila ya Wi-Fi yumo ndani, pamoja na simu yake na virusi vyake kama anavyo. Brazil ilionyesha ubaya wa usimamizi kuangukia mikononi mwa wavamizi kati ya 2011 na 2012, pale modemu za nyumbani zipatazo milioni 4.5 zilipovamiwa kupitia kasoro ya programu yake ya ndani. Wavamizi walibadilisha anwani za seva za DNS, ambazo ndizo hukiambia kifaa jina fulani la tovuti liko kwenye seva ipi. Mtu aliandika jina sahihi, akapelekwa kwenye ukurasa wa uongo. Ni kweli kwamba leo programu za benki na tovuti zenye HTTPS hukagua utambulisho wa seva, kwa hiyo hila hiyo imekuwa ngumu zaidi. Hata hivyo ukaguzi huo hauna faida kwa anayebonyeza “endelea” kila onyo linapotokea. Kisa cha Brazil kinaonyesha pia kwamba nywila nzuri peke yake haitoshi: programu ya ruta isasishwe, na usimamizi wa mbali uzimwe.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba huu ni wajibu wa watengenezaji. Nakubali. Uingereza imekwisha kupiga marufuku kwa sheria, tangu tarehe 29 Aprili 2024, vifaa vipya vyenye nywila moja kwa wote. Lakini sheria ya namna hiyo haigusi ruta iliyokwisha kutundikwa ukutani, na ruta hukaa miaka.

Kwa hiyo fundi anayekuwekea intaneti asiondoke kabla ya kukuonyesha ukurasa wa usimamizi. Ukiwa humo, chagua ulinzi wa Wi-Fi wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS, njia ya kuunganisha vifaa kwa PIN: PIN yake ina tarakimu nane, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile saba, hivyo majaribio 11,000 tu yanatosha kuipata. Wageni wape mtandao wao wa pembeni ikiwa ruta inao. Nywila mpya ya usimamizi iandike kwenye karatasi uiweke pamoja na nyaraka za nyumba, maana ikipotea itabidi ubonyeze kitufe cha kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani, na kwa ruta za faiba jambo hilo huweza kufuta hata mipangilio ya kampuni ya intaneti, nyumba ikakaa bila intaneti mpaka fundi arudi.