Jinsi Marekani ilivyoigharamia miji yake kupunguza bili za umeme

FEBRUARI 2025, malori ya Kaunti ya Nairobi yalimwaga takataka nje ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power, baada ya kampuni hiyo kukata umeme katika afisi za kaunti. Kampuni ilidai mabilioni ya shilingi za bili. Kaunti nayo ikadai mabilioni ya ada za nyaya zinazopita katika ardhi yake.

Katika mvutano huo, swali lililotawala lilikuwa nani alipe. Lakini kuna swali jingine: mbona bili za serikali za mashinani huwa kubwa kiasi hicho?

Katiba ya 2010 iliyapa magatuzi jukumu la taa za barabarani, na taa za mtindo wa zamani hula umeme mwingi. Majengo makuukuu na pampu za maji huongeza mzigo. Dawa inajulikana, nayo ni kubadilisha vifaa. Hata hivyo, vifaa hulipiwa leo ilhali faida hurudi kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Gavana au meya anayelazimika kuchagua baina ya dawa za zahanati na balbu mpya atanunua dawa, wala hakuna wa kumlaumu. Kisha ataendelea kulipa bili ile ile kila mwezi.

Marekani ililikabili tatizo hilo kwa ruzuku. Desemba 2007, Rais George W. Bush alitia saini sheria ya nishati iliyoanzisha mpango wa kuzipa fedha serikali za majimbo, kaunti, miji na jamii za wenyeji asilia ili zipunguze matumizi ya nishati.

Sheria ilikuwapo, fedha hazikuwapo. Mpango ulibaki kwenye karatasi hadi Februari 2009, uchumi ulipokuwa umeporomoka, ambapo Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kufufua uchumi iliyoutengea dola bilioni 3.2. Zaidi ya serikali 2,300 za ngazi mbalimbali zilipata mgao.

Sheria ya 2007 ilikuwa imeweka wazi namna ya kugawa. Asilimia 68 ni ya miji na kaunti, 28 ya majimbo, 2 ya wenyeji asilia, na 2 ya kushindaniwa. Mji wenye watu 35,000 au zaidi ulistahili moja kwa moja, na kaunti yenye watu 200,000. Jimbo nalo lililazimika kupitisha angalau asilimia 60 ya fungu lake kwa miji midogo isiyotimiza idadi hiyo. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kifungu cha busara zaidi katika sheria nzima, kwa kuwa bila hicho miji mikubwa ingekula na kusaza huku midogo ikitazama.

Fedha hizo ziliruhusiwa kugharamia ukaguzi wa matumizi ya nishati, ukarabati wa majengo ya umma, na taa za LED za barabarani na za kuongoza magari. Ziliruhusiwa hata kunasa gesi ya methani inayotoka katika majaa ya taka. (Takataka, kumbe, zina kazi nyingine mbali na kudai deni.)

Masharti hayakukosekana. Gharama za usimamizi zilipewa kikomo, na kila mpokeaji alitakiwa kuwasilisha mkakati wake. Fedha za 2009 ziliongeza sharti la kununua bidhaa za Marekani. Wapokeaji walipewa miezi 18 kutoa kandarasi na miezi 36 kutumia fedha zote.

Hapo ndipo wengi walipokwama. Mji mdogo wenye karani mmoja au wawili hauna mhandisi wa nishati wala mtaalamu wa zabuni. Fedha zilikuwa benki, saa ilikuwa ikiyoyoma, na makaratasi yalikuwa marefu kuliko kazi yenyewe.

Novemba 2021 mpango huo ulipofufuliwa kwa dola milioni 550 chini ya sheria ya miundomsingi ya Rais Joe Biden, Wizara ya Nishati ilizipa serikali za mashinani njia ya pili. Zile zisizotaka mzigo wa kusimamia ruzuku ziliweza kuchagua vocha badala yake, za kurudishiwa gharama ya vifaa vilivyonunuliwa au za kupata huduma za wataalamu.