"Meno ya Plastiki": Ugonjwa Usiokuwapo

Katika sehemu kadhaa za Tanzania, Kenya na Uganda, mtoto wa miezi michache akishikwa na homa na kuharisha, baadhi ya watu humfungua kinywa na kumpapasa ufizi. Wakikuta uvimbe mweupe mahali ambapo chonge zitaota, husema kwamba ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", na kwamba yasipong'olewa atakufa. Kazi hiyo hufanywa kwa kisu, kwa kucha au kwa spoku ya baiskeli, bila ganzi.

Uvimbe huo ni nini hasa? Mwanadamu huota meno 20 ya utotoni, na jino halianzi kuumbwa siku linapotokeza. Chonge huanza kuumbwa ndani ya taya tangu mtoto yumo tumboni mwa mamaye. Zile za chini hutokeza baina ya mwezi wa 17 na wa 23 baada ya kuzaliwa. Kabla ya hapo jino huwa bado laini, kwa kuwa halijapata madini ya kutosha. Ndiyo sababu king'olewacho hufanana na kipande cha plastiki; kumbe ni jino halisi, ila changa.

Mbona basi watu huamini? Katika umri huo mtoto huanza kutambaa, kula vyakula vingine na kutia kila kitu kinywani, na hivyo huambukizwa vijidudu vya kuhara. Mambo mawili yakitukia wakati mmoja, si lazima moja liwe limesababisha jingine. Tena, kuhara kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na aliyeng'oa hupata sifa asiyoistahili. Anayetaka kujua ukweli sharti awachunguze pia watoto wenye afya wa umri uleule: atakuta uvimbe uleule.

Madhara yake ni makubwa. Mtoto aweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, au kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichotumiwa kwa wengi. Chini ya jino hilo imo mbegu ya chonge ya ukubwani. Ikijeruhiwa, chonge hiyo, ambayo kwa kawaida hutokeza kwenye umri wa miaka 9 hadi 12, huota vibaya au isiote kabisa. Zaidi ya yote, mtoto huzidi kupoteza maji huku wakati wa kumtibu ukipita.

Mtoto anayeharisha aendelee kunyonyeshwa, apewe maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, na apelekwe zahanati, ambako hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Macho yakididimia, au akishindwa kunyonya, asicheleweshwe hata saa moja.

Wazazi wanaokubali ung'oaji huu huwapenda watoto wao. Mwanafunzi atakayewaeleza nyumbani, kwa adabu, chonge huota vipi, aweza kuokoa maisha ya nduguye.